Katamarani haiyumbi, na hapo ndipo tabu inapoanzia

Wiki hii tena. Kundi la marafiki wanane, nusu Nairobi nusu London, wanataka kukodi katamarani, boti ya matumbo mawili, ya futi 42 mwezi wa nane, Ugiriki: Athens, Mykonos, Santorini na kurudi, Jumamosi mpaka Jumamosi, na mwisho wa voice note jamaa anamalizia, "si hizo haziyumbi kapteni, tutakua poa tu." Jamani.

Ya pesa nayapitia mbio. Kodi ya boti sio bei yote, kuna dipoziti, dizeli, usafi, marina, na nahodha mkimuajiri anakula chakula chenu na anataka kitanda, so kebini nne hazitoshi watu wanane na nahodha labda akubali kile kitundu cha kule omo, mbele kabisa. Leseni Ugiriki wanaiangalia kweli. Basi.

Sasa kuyumba. Boti ya mkuku mmoja, ile ya kawaida ya tumbo moja, ina farumi, yaani uzito wa kuituliza, kule chini, upepo ukizidi inalala upande, vikombe vinaruka, shemeji anapiga mayowe, na hata kama hujui kitu unajua tanga limezidi. Katamarani haina farumi hiyo, inasimama kwa upana wake kama ngalawa, na hiyo ya futi 42 upana wake unakaribia mita 8. Hailali. Lakini ile nguvu ya upepo haijaenda likizo, imehamia kwenye mlingoti na nyaya, mahali ambapo mgeni haangalii.

Kuna siku nilijilaza chini, kijana mmoja kashika usukani. Natoka nakuta glasi ya juisi imetulia mezani, haijamwagika tone, watu wanapiga selfie, natupa jicho kwenye kipimo cha upepo naona noti 26, yaani maili 26 za baharini kwa saa, na tanga kubwa lote liko juu! Waya wa joshini, upande upepo unakotoka, umekaza kama uzi wa zeze, wa demani, upande wa pili, umelegea unachezacheza. Hakuna aliyeshtuka kwa sababu juisi haikushtuka.

Ndio maana huku tanga tunalipunguza kwa namba, sio kwa kuhisi, makaratasi ya boti yana jedwali. Mimi jedwali likisema 20 napunguza kwenye 17, usiku mapema zaidi, wenzangu wananicheka, na kusema ukweli sijui kama ni busara au uoga tu wa mtu mwenye umri wangu. Na niwe muwazi, hizi za kukodi kupinduka ni nadra sana, mara nyingi kitu kitakatika kwanza. Ila ikipinduka imepinduka, ya mkuku mmoja ina farumi la kuirudisha, hii itakaa miguu juu.

Haya, mwezi wa nane. Bahari ya Aegean, hiyo ya visiwa hivyo, ina upepo unaitwa meltemi, unatoka kaskazini, mbingu buluu kabisa hata wingu hakuna, na unaweza kuvuma noti 30 siku tatu nne mfululizo. Kwenda Santorini upepo uko shetri, nyuma yenu, raha mustarehe, mnaimba. Kurudi ni mbisho, kuukabili upepo kwa kwenda mshazari, zaidi ya maili 100, na katamarani na mbisho ni paka na maji. Haikaribii upepo, unabisha kwa pembe pana hadi maili 100 zinakua kama 170, na mawimbi yanapiga chini ya sakafu pale katikati, ba! ba! ba!, usiku kucha. Mkiwasha injini zote mbili mnapata noti 4 na mashaka. Kuna siku nahisi jahazi la babu kule Pate lingenifikisha mapema.

Na kutapika je? Mtikisiko wa katamarani ni mfupi wa ghafla, kuna watu nimewaona wazima kabisa kwenye boti inayolala, humu wakamwaga hadi chai ya jana, wengine kinyume chake. Kutabiri nimeshindwa, nabeba tangawizi ya kutosha.

Nimewajibu: chukueni ghuba ya Saroniki, hapo karibu na Athens, visiwa vya Aegina, Poros, Hydra, meltemi inafika lakini imechoka, kila siku masaa machache mnaogelea. Santorini mnaitaka sana, feri zipo Piraeus, bandari ya Athens, mnakunywa kahawa mmekaa.

Tiki mbili za buluu tangu Jumanne.