Kuanzisha Kampuni Ndogo ya Ndege Tanzania: Kwa Nini Ndege Huja Mwisho

Mtu anayenijia akitaka kuanzisha kampuni ya ndege, mara nyingi huanza kwa kunionyesha picha kwenye simu. Huwa ni Cessna Caravan iliyotumika, injini moja, viti kumi na viwili au kumi na vitatu, na muuzaji amempa siku chache za kulipa arbuni. Namwomba aiweke simu pembeni kwanza anitajie watu: nani atakuwa meneja mwajibikaji, yaani yule mwenye mamlaka ya kutoa fedha na atakayejibu mbele ya serikali, nani ataongoza urushaji, nani atasimamia matengenezo, nani atashika ubora, na nani usalama. Asiye na majina hayo bado hana kampuni, hata kama ndege iko tayari.

Nimekuwa nikiandaa maombi ya vibali vya kampuni za ndege kwa miaka mingi, na hasara kubwa nilizoziona hazikutokana na ukali wa wakaguzi. Zilitokana na ndege iliyofika kabla ya watu na vitabu vyake vya taratibu. Ndege iliyoegeshwa inadai malipo ya ukodishaji, bima, maegesho na matengenezo ya kalenda ambayo hayasubiri mtu aanze kuruka, na marubani walioajiriwa mapema wanadai mishahara huku muda wa uhalali wa mafunzo yao ukizidi kuyoyoma. Sijapata kuona mchakato huu ukiisha chini ya miezi sita. Hatua za mwanzo huhitaji tu kuthibitisha kwamba ndege inaweza kupatikana, na kwa hilo barua ya makubaliano ya awali na mwenye ndege kwa kawaida hutosha.

Hapa Tanzania msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ambayo ilichukua sura yake ya sasa mwaka 2003. Mwombaji anahitaji vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya. Cha kwanza ni leseni ya kutoa huduma za usafiri wa anga, inayohusu biashara: nani anamiliki kampuni, mtaji uko wapi, njia zipi zitahudumiwa, safari zitakuwa za ratiba au za kukodi. Leseni hiyo peke yake haikuruhusu kumbeba abiria hata mmoja. Cha pili ni cheti cha uendeshaji wa ndege, ambacho sote tulio kwenye kazi hii tunakiita AOC, nacho kinahusu swali moja tu: je, kampuni hii inaweza kurusha ndege kwa usalama kila siku, hata siku ambayo mwenye kampuni hayupo?

Njia ya kuipata AOC imewekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kwa hatua tano: mazungumzo ya awali, maombi rasmi, uchambuzi wa nyaraka, maonyesho na ukaguzi, kisha utoaji wa cheti. Aliyewahi kuipita Nairobi au Entebbe ataitambua Dar es Salaam, kwa kuwa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaoanisha kanuni zao kupitia wakala wa usalama wa anga wa jumuiya hiyo, CASSOA, wenye makao Entebbe. Hata hivyo cheti cha nchi moja hakigeuki kuwa cha nchi nyingine kwa sababu tu kanuni zinafanana.

Hatua ya tatu ndiyo inayomaliza watu pumzi. Kitabu cha uendeshaji kina sehemu nne: kanuni za jumla, ndege yenyewe, njia na viwanja, na mafunzo. Juu yake kuna kitabu cha udhibiti wa matengenezo, mfumo wa usimamizi wa usalama, mpango wa ulinzi, utaratibu wa mizigo ya hatari, na orodha ya vifaa ambavyo ndege inaweza kuruka navyo vikiwa vibovu, kwa masharti. Kishawishi cha kununua vitabu vya kampuni nyingine na kubadilisha jina ni kikubwa, nami naelewa kinatoka wapi. Niliwahi kuitwa kuokoa maombi ya kampuni moja iliyopanga kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mafia na kwenye viwanja vya udongo vya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kitabu chake kilikuwa na kurasa kadhaa za kuondoa theluji kwenye mabawa ya ndege iliyolala nje, na hakikuwa na aya hata moja kuhusu mvua za masika.

Mkaguzi hakugusa habari ya theluji. Alimwuliza rubani mkuu: "Umefika juu ya kiwanja, mvua imenyesha usiku kucha, na nyumbu wako kando ya njia ya kurukia. Kitabu chako kinakuambia ufanye nini?" Rubani yule alikuwa mzoefu, akajibu vizuri sana, hatua kwa hatua, hadi kiasi cha mafuta anachobakiza ili aweze kurudi. Mkaguzi alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba jibu ni sahihi, lakini liko kichwani mwake, na rubani atakayeajiriwa mwezi ujao hatakuwa na mahali pa kulisoma. Tulirudi mezani tukaandika sehemu ya njia na viwanja upya, kiwanja kwa kiwanja, rubani akisimulia nami nikiandika. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitabu bora nilichowahi kushiriki kukiandaa.

Hatua ya nne huchukua siku chache ukilinganisha na ile ya tatu, ila hapo hakuna pa kujificha. Ndege huruka safari za majaribio bila abiria wa kulipa, mkaguzi akiwa ndani, na kila kilichoandikwa kinatazamwa kikitendeka. Uzito wa juu wa kuruka wa Caravan ya 208B ni kilo 3,969, kwa hiyo kila begi lina maana. Nimemwona mkaguzi akimwomba kijana wa mizigo apime begi moja, akasoma namba, kisha akaomba cheti cha mizani yenyewe. Bahati njema kilikuwepo, kwenye droo ya meza ileile.

Wengi hudhani kazi imeisha cheti kinapotoka. AOC huambatana na masharti ya uendeshaji, yanayotaja aina ya ndege, maeneo ya kuruka na ruhusa maalumu, na kila upanuzi ni ombi la kubadilisha masharti hayo. Precision Air ilianza mwaka 1993 kwa safari za kukodi, na leo inajulikana kwa ATR zake, ndege kubwa zaidi zenye injini mbili. Kutoka Caravan kwenda ATR, zote zikiwa panga boi, kunaonekana kama kuongeza viti tu, lakini ni karibu kuanza upya. Ndege ikizidi viti 19 inahitaji wahudumu wa ndani, nao wanahitaji kitabu chao na mafunzo yao. Marubani wanahitaji simuleta, yaani mashine ya mafunzo inayoigiza ndege, ambayo mara nyingi iko nje ya nchi. Wahandisi wanahitaji leseni yenye aina hiyo ya ndege, na stoo inahitaji spea na zana tofauti.

Kuvuka mpaka kuna sharti jingine. Safari za ratiba kwenda nchi jirani hutegemea mkataba wa anga kati ya serikali mbili, na kampuni lazima iteuliwe na serikali yake. Mikataba hiyo kwa kawaida hudai sehemu kubwa ya umiliki na udhibiti wa kweli viwe mikononi mwa raia, jambo la kufikiriwa kabla ya kumkaribisha mwekezaji wa nje. Kenya Airways ilipoingia Precision Air mwaka 2003, ilichukua asilimia 49 ya hisa.

Juni 2025 Tume ya Ulaya iliyaweka mashirika yote yaliyothibitishwa Tanzania kwenye orodha yake ya mashirika yanayopigwa marufuku kuruka Umoja wa Ulaya, ikitaja upungufu wa wataalamu na udhaifu wa usimamizi. Kampuni ya Caravan tatu haina mpango wa kwenda Paris, lakini abiria wake wengi ni watalii waliopangiwa safari na mawakala wa Ulaya, na mawakala hao sasa wanauliza. Nawashauri wateja wangu wawape rekodi zao za ukaguzi kabla hawajaombwa.

Rekodi hizo ndizo pia mamlaka huzitazama mtu anapotaka kukua. Kila ukaguzi huacha mapungufu yenye tarehe ya kurekebishwa, na ombi la ndege mpya juu ya mapungufu yaliyopitwa na tarehe lina nafasi ndogo. Mteja akinipigia simu kusema amepata ATR ya bei nzuri, namwomba anitumie kwanza ripoti ya ukaguzi wake wa mwisho.