Mzee katolewa kongosho: mbege aonje au aache?

Desemba, mabasi ya Dar yanapoanza kushusha watu Moshi, maswali ya pombe huongezeka. Mama mmoja wa Kibosho kauliza la mumewe: alitolewa kongosho lote, mwaka unakatika, kidonda kimepona, na Krismasi ukoo mzima unakuja kunywa mbege nyumbani kwake.

Kongosho na pombe vinakutania wapi?

Kwenye ini. Kongosho hutoa vimeng'enya vya chakula, na hutoa homoni za sukari: insulini ya kuishusha, na glukagoni inayoliamuru ini litoe akiba sukari ikishuka mno. Kongosho lote likiondoka, insulini mzee atajichoma. Glukagoni ndiyo hana tena. Sasa pombe ikiingia, ini huacha kutengeneza sukari mpya, linahangaika na pombe kwanza. Na insulini aliyochoma jioni haijui kama kuna sherehe, inaendelea kushusha tu.

Kwa hiyo asiguse kabisa?

Tuulize kwanza kongosho lilitolewa kwa nini. Kama liliharibiwa na pombe, asiguse. Kama ni mgonjwa mwingine aliyebakiziwa kipande, asiguse pia, hicho kipande ndicho akiba yake. Kama ni saratani na bado yuko kwenye dawa, aulize daktari wake kabla ya sherehe. Aliyebaki nje ya hayo, sukari yake imetulia na daktari karidhia, anaweza kunywa kidogo, tena si kila siku. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara, kwa hiyo "kidogo" hapa maana yake ni kupunguza hatari tu.

Na kidogo ni kidogo kweli. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe. Kipimo kimoja cha Marekani ni gramu 14. Chupa yetu moja tayari imekizidi, ndiyo maana nashauri nusu chupa.

Mbege si chakula?

Wazee wetu watanipinga, lakini ni pombe. Ndizi mbivu na ulezi vina sukari na wanga, na ukali wake hubadilika kadiri inavyokaa, bila lebo ya kukuambia. Hupandisha sukari kwanza, kisha baadaye inaporomoka. Asiongeze insulini ili "kuifidia". Gongo hata tusiijadili.

Hatari yenyewe inakuja saa ngapi?

Mara nyingi akiwa amelala. Sukari inaweza kushuka saa nyingi baada ya glasi ya mwisho, hata kesho yake. Ndiyo maana asinywe bila kula, apime kabla ya kulala, ale kitu chenye wanga, na mtu amwamshe apime tena kama saa tisa usiku.

Kinachonitia hofu zaidi ni jinsi dalili zinavyofanana na ulevi: jasho, kutetemeka, maneno kukokotana, hasira za ghafla. Watu husema "kalewa, mwacheni alale". Msimwache. Pimeni. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) na anameza vizuri, apewe glasi ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari, au vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Subirini dakika 15, pimeni tena. Kama mashine haipo karibu, mpeni sukari hivyohivyo. Akizimia, msimtie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali, na mseme anatumia insulini na amekunywa. Sindano ya glukagoni, hata ikipatikana, hufanya kazi hafifu ini likiwa limeishiwa akiba.

Na vidonge vya vimeng'enya?

Hivyo ni vya chakula. Nyama choma ikifika, avimeze na tonge la kwanza.

Akikataa kata ya mbege, wageni watamwonaje?

Hapa ndipo mama alipocheka, maana mumewe ndiye mwenyeji. Basi aketi kwenye duara kama kawaida, kata ikimfikia aguse midomo, ampitishie wa pili. Wengi hawatahesabu. Mfukoni awe na pakiti ya glukosi, na shemeji anayeketi ubavuni kwake aambiwe mapema iko mfuko upi.