Kiinitete cha samaki hakianzi na jeni zake: dhana potofu na ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni hii: mbegu ya dume ikishakutana na yai, jeni za mtoto zinaamka papo hapo na kushika usukani. Inaingia akilini kwa urahisi, na ndiyo inayozaa karibu makosa mengine yote nitakayoyataja.

Ukweli ni kwamba kiinitete kichanga cha samaki kinaishi kwa urithi wa mama. Mchukue samaki pundamilia, anayetumika sana kwenye maabara. Yai lake lina upana wa milimita 0.7 hivi, na linapenya nuru kama tone la maji, kwa hiyo chini ya hadubini hakuna kinachojificha. Katika joto la nyuzi 28.5 za Selsiasi, seli ya kwanza inagawanyika baada ya dakika kama 45. Kuanzia hapo, kila dakika 15 hivi, mifereji myembamba inajichora upya juu ya kifungu cha seli kilichokaa kileleni mwa akiba ya chakula: 2, 4, 8, 16, 32. Zinagawanyika kwa pamoja, kama wapiga makasia wa mtumbwi mmoja. Na muda huo wote jeni za kiinitete chenyewe, isipokuwa chache mno, ziko kimya. Kazi inaendeshwa na RNA (nakala za jeni zinazobeba maagizo ya kujenga protini) na protini ambazo mama alizipakia ndani ya yai kabla ya kulitaga.

Anayetaka ushahidi alitazame jaribio la alfa-amanitini, sumu ya uyoga inayozuia DNA isinakiliwe kuwa RNA. Kiinitete cha seli moja kikidungwa sumu hiyo, kingepaswa kukwama hapo hapo kama kweli jeni zake ndizo ziongozazo. Hakikwami. Kinaendelea kugawanyika, seli mia, seli elfu, mpaka kwenye saa ya 4 hivi, pale ambapo seli zingeanza kushuka na kuifunika akiba ya chakula. Hapo ndipo kinasimama. Kwangu mimi hakuna jaribio linaloeleza jambo hili waziwazi kuliko hilo.

Wengine huona ngozi ya yai imeinuka na kusema jeni zimeanza kazi, au angalau yai limerutubishwa. Hapana. Yai la samaki pundamilia huinua ngozi yake likigusa maji tu, hata kama hakuna dume aliyelikaribia.

Dhana nyingine inadhani jeni zikifika wakati wake huwaka zote kwa mpigo, kama taa za nyumba yenye swichi moja. Ni kweli kwamba kuna wimbi kubwa, kwenye saa ya 3 hivi, kiinitete kikiwa na seli zipatazo 1,000. Lakini kabla ya wimbi hilo wapo waliotangulia. Mashuhuri kati yao ni miR-430, ambayo ipo katika nakala nyingi zilizojipanga pamoja kwenye kromosomu ya 4. RNA hii ndogo haijengi protini yoyote. Kazi yake ni kuzitafuta RNA za mama na kusababisha mamia ya aina zake ziharibiwe, jambo lililothibitishwa mwaka 2006. Yaani miongoni mwa mambo ya kwanza anayofanya mtoto ni kufagia maagizo ya mama. Jeni nyingine za mwanzo huwa fupi, na sababu yake inaeleweka: seli inayogawanyika kila robo saa haina nafasi ya kunakili jeni ndefu hadi mwisho.

Na nani anazifungulia mlango? Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba protini za Nanog, Pou5f3 na Sox19b hushika DNA mapema na kuitayarisha inakiliwe. Maagizo ya kuzijenga protini hizo yametoka kwa mama. Hata kimya cha jeni za mtoto, basi, kinavunjwa na vitu alivyoviacha mama.

Kuna kosa moja linalowanasa hata watu wa maabara, nalo nalichukulia kwa uzito: kudhani kwamba RNA ikionekana imeongezeka, jeni yake imewashwa. Katika saa za mwanzo, RNA nyingi za mama hukaa na mkia mfupi wa adenini, mojawapo ya herufi za RNA, na mkia ukirefushwa ndipo protini inapojengwa kwa wingi. Sasa, njia nyingi za kupima huzinasa RNA kwa kuushika mkia huo huo. RNA iliyokuwamo tangu yai likiwa tumboni inarefushiwa mkia, kipimo kinapanda, na mtu anaandika kuwa jeni imeamka. Hakuna kilichoamka. Mwenye kutaka uhakika hutafuta introni, vile vipande vya RNA changa ambavyo hukatwa na kutupwa, kwa kuwa RNA za mama zilikwisha kukatwa zamani. Au hutafuta herufi za DNA alizo nazo baba peke yake. Alama ya baba kwenye RNA ya kiinitete ni ushahidi usiopingika, kwa kuwa shehena ya mama haiwezi kuwa nayo.

Mzigo huo wa mama unavuruga pia imani kwamba jeni ikiharibika, madhara yake yote yataonekana kwa mtoto aliyeirithi. Tazama jeni iitwayo oep. Kiinitete chenye nakala mbili mbovu za oep, lakini kilichozaliwa na mama mwenye nakala moja nzima, hupata jicho moja katikati ya uso, ila kiwiliwili kinajengwa kwa sehemu kubwa. Watafiti walipowadunga viinitete vya namna hiyo RNA nzima ya oep, baadhi walikua wakawa samaki wazima wenye kuzaa. Mayai ya majike hao hayakuwa na chembe ya oep. Viinitete vilivyokosa oep ya mama na ya kwao wenyewe viliharibika vibaya zaidi: tabaka la ndani la mwili halikujitokeza kabisa, na sehemu kubwa ya tabaka la kati ikakosekana kichwani na kiwiliwilini. Jeni ni ile ile. Kilichoficha nusu ya kazi yake ni yai la mama.

Wapo pia wanaodhani kwamba jeni huamka kwa kufuata saa. Jibu ni fupi. Jeni haziamki kwa kuhesabu dakika tangu kurutubishwa. Maji yakipoa, ukuaji unachelewa, ndiyo maana hatua hutambuliwa kwa umbo la kiinitete. Viinitete vyenye seti moja tu ya kromosomu, badala ya mbili za kawaida, vilichelewa kuamka kwa mgawanyiko mmoja mzima, kwa sababu uwiano kati ya DNA na ujazo wa seli nao una kauli.

La mwisho ni wazo kwamba jeni ikishawashwa inabaki inawaka. Mgongo wa samaki unalikataa. Baada ya saa ya 10, pingili changa za mwili zinajikata moja baada ya nyingine, moja kila nusu saa. Mkiani, jeni za her1 na her7 zinawaka, zinazaa protini, protini zinarudi kuzizima jeni zile zile zilizozizaa, kisha zinaoza na jeni kuwaka tena. Ukizitia rangi unaona mawimbi yakitoka mkiani kuelekea mbele, na kila wimbi linapotulia pingili mpya inapata mpaka wake. Kufikia saa ya 24 pingili zimefika 30 hivi, moyo umeanza kudunda, na mkia unatikisika ndani ya ngozi ya yai.