Ukungu haubanwi kama nyasi

Mteja wangu anayetembeza wageni katika Hifadhi ya Kitulo alinipa picha 14 za kuweka kwenye tovuti yake. Kila moja ina pikseli 4000 kwa 3000, vilevile ilivyotoka kwenye kamera. Kabla sijagusa namba ya ubora, ile ya hadi 100 inayoamua faili libanwe kiasi gani, nilipunguza upana hadi pikseli 1200. Wengi hutazama uzito wa faili tu, wakasahau kwamba simu ikishapokea picha lazima iifumue, na kila pikseli huchukua baiti 4 za kumbukumbu. Picha ile ya kamera, hata faili lake ulibane namna gani, ikifumuliwa inakula MB 48. Ya pikseli 1200 haifiki MB 5. Kwa mtu mwenye simu ya bei nafuu pale Mwanjelwa, Mbeya, hapo ndipo ukurasa huteleza au huganda.

Sasa ubora. Wenzangu wengi huweka 75 kwa picha zote, yakaisha. Mimi sikubaliani nao. JPEG, aina ya faili la picha iliyozoeleka, hukata picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, kisha ndani ya kila mraba hupunguza zaidi yale madogo madogo ambayo jicho haliyashiki upesi. Kwenye nyasi na maua hasara hiyo hujificha. Nilishuka hadi 60 na mteja hakuona tofauti. Lakini kuna picha yake ya alfajiri, ukungu umelala bondeni, kijivu kinayeyuka polepole kuwa cheupe. Hiyo hata kwenye 75 ilionyesha miraba waziwazi! Niliipa 88. Na bado faili lake lilikuwa jepesi kuliko la nyasi, maana ukungu hauna mengi ya kuhifadhi.

AVIF, aina mpya zaidi ya faili la picha, hubana vizuri kuliko JPEG, ila kuitengeneza kunaichosha prosesa. Seva ya mteja huyu ni ndogo, na nilipoiachia kazi hiyo ifanyike mgeni anapofungua ukurasa, ilikwama. Siku hizi natengeneza matoleo yote mara moja, picha inapopandishwa, na JPEG inabaki kwa ajili ya vivinjari vya zamani.

Picha ya ukungu mteja aliitaka juu kabisa, nami naona alichagua vema. Hiyo inapakiwa papo hapo. Zile 13 zinangoja msomaji ashuke ndipo zimle bando.