Kutia adabu si kupiga

Juzi pale mwalo wa Kibirizi, wanawake wakianika dagaa, dada mmoja alikuwa akiwageuza kwa mkono mmoja. Wa kushoto kaufunga kwa kipande cha kanga, vidole vimevimba. Nilipouliza, jirani yake akamjibia kwa sauti ya chini: "Mumewe kamtia adabu."

Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno hapa Kigoma, kutoka vinywani mwa wanawake wenyewe pia. Inaniuma.

Adabu ni heshima na mwenendo mwema. Kumtia mtu adabu ni kumfunza hayo. Basi. Linaloleta mkanganyiko ni neno linalofanana nalo, adhabu. Yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, ila hayana undugu. Adabu imetoka kwenye adab, malezi na ustaarabu. Hata fasihi Waarabu huiita hivyo. Adhabu imetoka kwenye adhab, nayo ni mateso, kama tunavyosema adhabu ya kaburi. Wazee wa Ujiji waliosoma chuo cha Kurani hawawezi kuyachanganya. Kwetu sisi yametengwa na hiyo dh tu, na likija suala la mke hata hiyo tunaimeza: mateso tunayaita malezi.

Tena, adabu mtoto hufunzwa na mlezi wake. Mke si mtoto wa mumewe. Na adhabu nayo hutolewa na mwenye mamlaka, ambayo mume hana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hata mila iseme vingine, hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Zaidi ya miaka 50 sasa! Kuupiga mkono wa mtu hadi uvimbe ni shambulio la kudhuru mwili, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 241, kifungo hadi miaka 5. Adhabu hapo imekaa mahali pake: inatoka mahakamani, na anayeipata ni aliyepiga.

Yule jirani ni mtu mwema. Ndiye aliyemalizia kugeuza dagaa waliobaki. Nilimwambia taratibu: mama, sema kapigwa. Ukisema katiwa adabu, watu watauliza alikosa nini. Ukisema kapigwa, watauliza nani kampiga, na kama ameshakwenda polisi kuchukua fomu ya matibabu, PF3.