Tableti ya mtumba haiharibu sauti
Wengi hudhani tableti kuukuu ikiwa rimoti ya pili ya spika za Wi-Fi, kama Sonos, itashusha ubora wa muziki. Sivyo. Ukicheza kutoka ndani ya programu ya spika, tableti hutuma amri tu; spika huvuta wimbo yenyewe kupitia ruta. Bluetooth ni habari nyingine, kwani hapo sauti hupita kwenye tableti. Kinachowaangusha wanunuzi ni toleo la mfumo. iPad mini ya 2012, hata kioo kiwe hakina mkwaruzo, iliishia toleo la iOS 9 (iOS ni mfumo wa Apple), na programu nyingi za leo hukataa kuingia humo. Kabla ya kulipa, fungua Mipangilio, soma toleo, lilinganishe na linalotakiwa na programu. Na muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako, la sivyo ukifuta data ya tableti, itajifunga na kudai akaunti hiyo.