Kitambi, testosteroni na hizo sindano mnazouziana jimu

Mwaka jana mwezi wa pili alikuja kijana kliniki, miaka 31, ana duka la jumla Kariakoo, hata salamu hazijaisha ananiambia "dokta, homoni za kiume zimeniishia, naomba uniandikie sindano." Nikamuuliza "mdogo wangu, nani kakwambia?" akasema wenzake wa jimu wameona kitambi hakitoki na kifua kimeanza kulegea, wakamwambia hiyo testosteroni imeshuka na kuna jamaa anauza. Na alikuwa ameshapima kabisa, karatasi anayo mfukoni imekunjwa mara nne, imeandikwa 235 (nanogramu kwa desilita), wakati maabara nyingi wanahesabu kawaida kuanzia karibu 300. Nikaangalia saa aliyotolewa damu: saa kumi jioni, ametoka kula.

Hapo ndipo watu wengi wanapoliwa hela. Testosteroni inakuwa juu asubuhi inashuka mchana, na ukila inashuka zaidi, kwa hiyo damu unatoa kabla ya saa nne asubuhi, hujala kitu, na majibu yakitoka chini unarudia siku nyingine kabla mtu hajakuita mgonjwa. Yeye tulirudia asubuhi mara mbili, zote zikapita 310 kidogo. Iko chini chini lakini sio ya kuchomwa sindano. Nikampima kiuno kwa tepu, sentimita 109. Kwa mwanaume kuanzia 94 mimi naanza kuwa na wasiwasi, na akishapita 102 hatari ya kisukari na moyo ipo kweli kweli.

Sasa naomba hili mlielewe vizuri maana ndio mzizi wa yote. Mafuta ya tumboni hayajakaa tu pale kama gunia stoo, yanafanya kazi usiku na mchana. Ndani yake kuna kimeng'enya kinaitwa aromatesi, kinachukua testosteroni yako kinaigeuza estrojeni, ile homoni ya kike, na ubongo ukishaiona hiyo estrojeni unaona homoni zipo za kutosha, unapunguza kutuma amri kwenye korodani, korodani nazo zinapunguza uzalishaji. Juu ya hapo mtu mwenye kitambi insulini yake inakuwa juu muda mwingi na ini linatengeneza kidogo ile protini inayobeba testosteroni kwenye damu, ndio maana namba ya jumla kwenye karatasi inaonekana ndogo hata kama ile iliyo huru, inayofanya kazi, bado haiko vibaya. Testosteroni ikishuka misuli inapungua na mafuta yanaongezeka, mafuta yakiongezeka testosteroni inashuka tena. Ni duara, na kwa vijana wengi ninaowaona mimi duara hilo limeanzia tumboni, sio kwenye korodani.

Wapo ambao korodani au tezi ya pituitari, ile ndogo chini ya ubongo inayotuma amri, ina tatizo kweli, mfano uvimbe, au kazaliwa na kromosomu ya X ya ziada, au korodani ziliumia. Hao nawaandikia testosteroni na inawasaidia sana, misuli inaongezeka na mafuta yanapungua.

Turudi jimu. Sitawadanganya kwamba hizi dawa hazifanyi kazi. Mwaka 1996 Shalender Bhasin na wenzake kule Marekani walichapisha utafiti wa wanaume 43, baadhi walichomwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki kwa wiki 10, hiyo ni kama mara sita ya dozi ya matibabu, na waliochomwa huku wananyanyua vyuma waliongeza kilo 6 za mwili usio mafuta, hata waliochomwa bila mazoezi waliongeza kilo 3. Kwa hiyo kijana akiona mwenzake kajaa miezi miwili hajaona uongo. Shida inakuja ukiacha. Ubongo muda wote ulikuwa umefunga amri kwa sababu homoni zinatoka nje, korodani zimesinyaa, mbegu zimeisha, na kuamka kwake kunachukua miezi, wengine mwaka na zaidi. Hicho kipindi chote huna yako wala ya sindano, misuli inayeyuka na mafuta yanarudi kwa kasi, matiti nayo kama yalishaota hayaondoki yenyewe. Nimekaa na wanaume wanalia hapa ofisini, mke anataka mtoto na kipimo cha mbegu kimetoka sifuri.

Halafu kuna mtindo wa kumeza vidonge vya kuzuia estrojeni ili "mwili ukauke". Jamani acheni. Mwaka 2013 Finkelstein na wenzake wa Boston walionyesha kwa wanaume kwamba ukiishusha estrojeni ndio mafuta yanaongezeka, upungufu wa testosteroni wenyewe unagusa zaidi misuli na nguvu. Mwanaume anaihitaji estrojeni yake kidogo.

Hizo sindano za jimu zinaitwa steroidi, na hili neno linawachanganya watu vibaya, maana kuna familia nyingine kabisa ya steroidi, prednisoloni na deksamethasoni, hizi ni ndugu wa kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, na hazijengi msuli, zinaubomoa. Kuna dada alikuja na bahasha ya kaki, ndani vidonge havina jina, kauziwa vya kuongeza hips. Hata Kinshasa watu wanachanganya deksamethasoni na siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza njaa, kwa kazi hiyo hiyo ya kunenepa. Uso wa yule dada ulikuwa umejaa duara, nundu imeota nyuma ya shingo, tumboni michirizi ya zambarau mipana kama kidole, lakini mapaja yamekonda. Nikamwambia dada simama bila kushika kiti, akajaribu mara tatu akashindwa, akaanza kucheka kwa aibu halafu akanyamaza. Hizi dawa zinaongeza njaa, zinapandisha sukari, mafuta zinayapeleka usoni, shingoni na tumboni, msuli wa paja zinaula. Hips haziji. Zile krimu kali za kujichubua nazo nyingi zina dawa za familia hii na zinapenya ngozi, ukipaka mwili mzima miaka unafika pale pale.

Ila ukishazimeza wiki kadhaa USIACHE GHAFLA, tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimelala, presha inaweza kushuka ukaanguka ukafa. Inapunguzwa taratibu na daktari. Na kama uliandikiwa kwa pumu au lupasi endelea kama ulivyoambiwa, hii posti sio ya kukutoa kwenye dawa.

Yule kijana wa Kariakoo tulianzia kwenye usingizi. Anafunga duka saa tatu usiku, saa nne anakula chipsi mayai na soda, analala saa saba anaamka saa kumi na moja, na mkewe anasema anakoroma mpaka pumzi inakata. Chicago mwaka 2011 walilaza vijana 10 wenye afya masaa matano tu kwa usiku, kwa wiki moja, testosteroni ya mchana ikashuka asilimia 10 mpaka 15. Wiki moja tu! Yeye alikuwa na miaka minne anaishi hivyo. Tukakubaliana ale saa moja jioni pale pale dukani, ugali nusu, samaki, maharage na mboga, soda basi, bia kutoka sita za Jumamosi mpaka mbili, vyuma aendelee mara tatu kwa wiki, na saa tano awe kitandani, hiyo ya mwisho ndio ilimshinda zaidi ilibidi mdogo wake aanze kufunga duka. Miezi tisa baadaye kiuno 98, testosteroni ya asubuhi 420, na mkewe anasema siku hizi hakoromi. Sindano hajachomwa hata moja.

Yule dada bado tunampunguzia dozi, juzi kainuka kutoka kwenye kiti bila kushika. Kama na wewe unameza kitu kutoka kwenye bahasha isiyo na jina, njoo nayo hiyo hiyo bahasha, usione aibu, sitakugombeza.